Bibi Harusi wa Msambweni na Kadi Iliyokuwa Mahali Pawili

Vijana wangu, nyinyi mnaoigusisha kadi kwenye mashine ya dukani na kuondoka kabla risiti haijatoka, hebu kaeni kidogo. Mimi ni Mwakio, Mtaita wa kuzaliwa na mtu wa Ukunda wa kuhamia. Nimestaafu kazi ya benki, na miaka mingi ya utumishi wangu niliimalizia kwenye meza ambayo hakuna aliyeitaka: meza ya malalamiko. Wenzangu walipokea pesa na tabasamu. Mimi nilipokea watu waliovimba mashavu. Lakini niwaambie ukweli, hakuna meza iliyonichekesha kama ile, na kila nikikumbuka kisa cha Mwanasiti hucheka peke yangu mpaka mke wangu anatoka jikoni kuja kuangalia kama niko salama.

Mjue kwanza kwamba zamani wizi wa aina hii ulikuwa mgumu. Mteja alikuja na kitabu chake cha akiba, picha yake imebandikwa ndani, na karani alimjua yeye, mama yake na jina la mbuzi wake. Ungetaka kuziiba pesa za mtu ilibidi uibe na sura yake. Kisha zikaja kadi zenye mkanda mweusi mgongoni, na huo mkanda, wanangu, ulikuwa rahisi kunakiliwa kama mwanafunzi anavyonakili hesabu ya mwenzake. Baadaye zikaja kadi zenye kijipande cha dhahabu mbele, hicho mnachokiita chipu, ambayo kuinakili ni kazi kubwa. Ila kwa miaka mingi kadi moja ilibeba vyote viwili, chipu mbele na mkanda nyuma, na wezi si wajinga. Waliiacha chipu wakaufuata mkanda.

Aliyenifundisha meza hiyo ni Bi Salome, mama mmoja mnene, mpole, mwenye sauti ya kwaya. Alinifundisha jinsi ya kuikaribia ATM kama mtu asiyeiamini. "Ukifika, Mwakio, utikise ule mdomo unaoingiza kadi. Utikise kama jino bovu. Ukicheza, ondoka, kuna kitu kimebandikwa juu yake. Ukibonyeza namba ya siri, mkono wa pili uwe kifuniko, maana kamera yao ni ndogo kuliko punje ya mchele." Nami nikaitii sana amri hiyo. Siku moja nikautikisa mdomo wa ATM ya tawi letu wenyewe kwa bidii hata mlinzi mpya, ambaye hakuwa akinijua, akanishika ukosi akaniingiza ndani akipiga kelele kwamba amekamata mwizi. Bi Salome alikuja, akanitazama, akamwambia mlinzi, "Umefanya vizuri, mwanangu." Akaniacha hapo nining'inie kidogo kabla ya kumwambia mimi ni nani.

Basi sasa Mwanasiti. Alikuwa fundi cherehani wa Msambweni, msichana mwenye maneno machache na mkono mwepesi. Alishona sare za hoteli za Diani na nguo za harusi za watu wengine, mpaka zamu yake ikafika. Alikuwa ameweka akiba kwetu miaka kadhaa ili anunue cherehani ya kudarizi, zile za kompyuta zinazoshona maua zenyewe huku fundi anakunywa chai. Mchumba wake, Salim, alikuwa dereva wa lori, akipeleka matunda ya Kikoneni hadi Nairobi. Ndoa ilipangwa Ijumaa baada ya swala. Jumatano alasiri bibi harusi akawekwa ndani, akapakwa hina.

Hayo ya ndani sikuyaona, mwanamume haruhusiwi. Nilisimuliwa na Bi Mwanakombo, somo wake, yaani mama aliyekabidhiwa kumfunda bibi harusi. Bi Mwanakombo kila akisimulia hutia chumvi, lakini sehemu hii wanawake wote waliokuwemo wanakubaliana. Mwanasiti alikuwa ameketi mkekani, hina mbichi kutoka kucha mpaka viwiko, na miguu vilevile. Simu yake ikalia. Bi Mwanakombo akavaa miwani akasoma.

"Mwanasiti, mbona unatoa pesa?"

"Nani, mimi?"

"Wewe ndiyo. Simu inasema umetoa pesa ATM ya Nairobi sasa hivi." Ikalia tena. "Na tena." Ikalia mara ya tatu. "Mwanangu, una haraka gani?"

Mwanasiti akainua mikono yote miwili. "Kwa mikono gani, somo?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Walidhani ni utani wa mitambo. Ujumbe wa nne ulipoingia ndipo kicheko kilipokatika kama kanga iliyopasuliwa, na Mwanasiti akasema polepole, "Hizo ni pesa za cherehani yangu."

Sasa hapa, vijana, ndipo alipofanya jambo ambalo hata maprofesa hulisahau. Hakulia kwanza. Alimwambia somo wake, "Geuza kadi yangu, iko mkobani. Nyuma kuna namba ya simu ya benki. Piga sasa hivi." Kwa sababu tangu dakika unapoiarifu benki, pesa zikiendelea kutoka ni mzigo wa benki, si wako. Kabla ya hapo kuna mabishano. Baada ya hapo hakuna.

Bi Mwanakombo akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikaja ile sauti ya mashine: "Karibu. Kwa Kiswahili, bonyeza mbili."

"Ahsante mwanangu," akajibu Bi Mwanakombo. "Sikiliza, tumeibiwa."

"Kwa Kiswahili, bonyeza mbili."

"Nimesikia. Nami nakwambia tumeibiwa! Wewe huna hata salamu?"

Ikachukua muda kumwelewesha kwamba anayeongea naye hana mama. Hatimaye akabonyeza, akapatikana binadamu, simu ikawekwa sikioni kwa Mwanasiti, akajibu maswali yote, na kadi ikafungwa. Yule binadamu akasema, "Andikeni namba ya lalamiko lenu." Kalamu haikuwepo. Wanawake wote mikono ina hina, wengine ya kupaka, wengine ya kupakwa. Bi Mwanakombo akachukua koni ya hina akaiandika ile namba juu ya mkono wake mwenyewe, kuanzia kifundo kuelekea kiwiko. Narudia ili muelewe: lalamiko rasmi la benki liliandikwa kwa hina kwenye mkono wa mama wa watu.

Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta amesimama mbele ya meza yangu amevuta mkono wa buibui.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo," nikamwambia, maana tulijuana.

"Marahaba. Namba yetu hii hapa. Isome."

Nikaisoma. Ilikuwa na tarakimu, na katikati yake ua zuri sana. "Hili ni nane?"

"Hilo ni ua. Palikuwa na nafasi tupu, nikapapamba."

Nilitaka kumsikia mwenye akaunti mwenyewe, na bibi harusi hatoki. Nikaomba ruhusa, nikaenda Msambweni. Mlangoni nikapiga hodi nikajibiwa na sauti kumi kwa pamoja: "Wanaume hawaingii!" Nikaletewa kiti nje ya dirisha, chini ya pazia la maua, nikaketi hapo kama mtu anayeungama. Kutoka nyuma ya pazia ukatokeza mkono uliopambwa vizuri, umeshika kadi.

"Baba Mwakio, kadi yangu hii. Tangu Jumatatu haijatoka mkobani, ila jana somo alipoisoma namba."

Nikaikagua. Ilikuwa yenyewe hasa, ile tuliyompa sisi. Kwa hiyo kadi iko Msambweni na pesa zimetoka Nairobi. Nikajua kwamba mahali fulani kuna pacha wake. Nilikuwa naanza kumweleza hivyo ndipo baba yake mdogo, Ami Hamisi, alipofika. Baba mzazi wa Mwanasiti alikuwa marehemu, kwa hiyo Ami ndiye angemwozesha.

"Salim alikuwa wapi jana?" akauliza, wala hakuniamkia.

Akajijibu mwenyewe.

"Alikuwa Nairobi! Pesa zimetoka Nairobi. Namba ya siri ya msichana anaijua nani kama si mchumba?"

"Sijampa mtu namba yangu, Ami," akasema Mwanasiti. "Hata yeye."

"Basi ameotea. Mimi kesho siozeshi mtu mpaka nijue pesa zimekwenda wapi."

Wanangu, hapo hata mimi niliyezoea kucheka sikucheka. Msichana yule alikuwa ameibiwa mara moja na mwizi asiyemjua, na sasa alikuwa anakaribia kuibiwa mara ya pili, na watu wake mwenyewe. Nikamuuliza, "Mwanasiti, mara ya mwisho ulitumia kadi wapi?"

"Jumatatu. Ile ATM yenu ya ubavuni mwa benki, pale Ukunda karibu na Kona ya Musa." Akafikiri. "Mdomo wake ulikuwa ukicheza. Nilidhani umeharibika."

Nikasimama hata kiti kikaanguka. Nikamwambia Ami, "Nipe mpaka Magharibi. Tafadhali."

Nikarudi mbio Ukunda. Kile kidude kilikuwa kimekwisha kung'olewa, lakini walipokibandua waliacha gundi kuzunguka mdomo wote, na juu ya vitufe, mahali pa kamera, alama ndogo ya gundi hiyohiyo. Ndani ya benki nikakuta watu wawili wananisubiri: mpishi wa hoteli moja ya Diani na mwalimu mstaafu wa Tiwi. Wote waliitumia mashine hiyo Jumatatu, na wote walitolewa pesa Nairobi Jumatano alasiri. Samahani kwa kusema hivi, lakini nilifurahi kuwaona hata nikataka kuwakumbatia. Mpishi alinitazama kama mwendawazimu.

Baada ya Magharibi nikampigia Ami Hamisi.

"Kadi zimenakiliwa kwenye mashine yetu, Ami. Mpishi na mwalimu nao wameibiwa vilevile."

"Mpishi yupi?"

"Wa hoteli. Salim hamjui."

"Na mwalimu?"

"Wala mwalimu. Labda useme Salim ana undugu na kila mtu aliyetoa pesa pale Jumatatu."

Nikasikia Ami akifukuza kuku wake. Kisha akasema, "Mwambie kijana asichelewe kesho." Akakata.

Salim alifika alfajiri kwa basi, hajui lolote. Akaozeshwa. Alikuja kuambiwa kisa chote akiwa katikati ya sahani ya pilau, Bi Mwanakombo akimsimulia kutoka upande wa wanawake kwa sauti ya kusikika kisiwani Wasini. Alicheka mpaka akapaliwa, na wa kwanza kumpiga mgongoni kumwokoa alikuwa Ami Hamisi, aliyempiga zaidi ya ilivyohitajika, kwa aibu nadhani.

Lakini harusi kupona si pesa kurudi. Makao makuu walimtuma mpelelezi, kijana mmoja anaitwa Mutua, nadhifu, viatu vinang'aa, aliyekuja Ukunda shingo ikaungua jua siku ya kwanza. Mwanasiti akaja na mumewe na somo wake. Niliandaa viti vinne, wakaja watu kumi na mmoja.

"Pole sana kwa kilichotokea, madam," Mutua akaanza. "But PIN ilitumika, na iliingizwa sawa mara ya kwanza. Na hapa kwa terms ulisaini kwamba transaction yoyote ya PIN ni responsibility yako, yaani mzigo wako."

"Mimi sijaja kuomba, kaka," akasema Mwanasiti, kwa ile sauti yake ya chini. "Nimekuja kudai. Nilipiga simu palepale. Nimeripoti polisi, namba ya OB, ya kile kitabu chao cha matukio, ninayo. Kadi ninayo. Mashine iliyonakili ni yenu, si yangu. Sasa wewe nionyeshe kosa langu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo moyo wa jambo lote, vijana, na yashikeni. Bi Salome alikuwa akituambia kila wiki: mteja hana kamera, hana rekodi za mitambo, hana mafundi. Benki ina vyote hivyo. Kwa hiyo benki ikisema mteja alizembea, benki ndiyo ionyeshe uzembe huo uko wapi. Namba ya siri kutumika hakuonyeshi ni nani aliyeitumia. Na yale masharti ya maandishi madogo? Katiba yetu inampa mtumiaji haki ya kulindwa maslahi yake na kufidiwa hasara, na sheria ya kumlinda mtumiaji inasema haki zake hazifutiki kwa sababu alitia saini karatasi inayozifuta. Nikamkumbusha Mutua hivyo, kwa upole.

Naye, siwafichi, alikuwa muungwana. Akakuna ile shingo yake iliyoungua. "Mzee, hiyo nimeisoma. Ile clause ikifika kortini haitasimama. Lakini boss anataka kitu cha kiufundi."

"Basi kitafute," nikamwambia. "Kadi ya Mwanasiti ina chipu. Zile ATM za Nairobi zilisoma nini?"

Akafungua kompyuta yake. Tukakaa wote tukimtazama akibonyeza, mimi na wale watu kumi na mmoja. Kisha nikaona nyusi zake zinapanda.

"Chip haikusomwa," akasema. "Hata mara moja. Ni magstripe tu, ule mkanda." Akainua kichwa, akakumbuka yuko pwani, akaanza upya kwa Kiswahili cha taratibu: "Ninamaanisha, kadi iliyotumika Nairobi haikuwa na chipu. Haikuwa hii. Ilikuwa nakala. Na mashine zetu hazikupaswa kuikubali."

Shangwe! Bi Mwanakombo akapiga kigelegele kilichowatoa makarani wote kwenye madirisha yao. Mutua akaomba utulivu, akaomba pia athibitishe saa ya kuripoti kwa ile namba ya lalamiko. Bi Mwanakombo akamnyooshea mkono. Hina ilikuwa imeanza kufifia.

"Naweza kupiga picha, mama?"

"Mkono wangu? Uupeleke Nairobi wakautazame wanaume? Astaghfirullahi! Nakili kwa kalamu."

Akanakili. Akaandika nane pale penye ua, na akapata jibu la kompyuta kwamba lalamiko hilo halipo, na kwa dakika nzima akawa anairudia tena na tena, mpaka somo alipoegemea mezani akamweleza kwa huruma tofauti kati ya ua na tarakimu.

Msidhani pesa zilirudi kesho yake. Makao makuu walijaribu kulala juu ya faili. Mwanasiti akaandika barua fupi, Salim akaileta: mkikaa kimya nitakwenda kwa wasimamizi wa mabenki, na wakikaa kimya nitakwenda mahakama ya madai madogo, ambako sihitaji hata wakili. Barua ilikuwa ya adabu kabisa, imeanza kwa salamu na kumaliza kwa dua. Nikaipeleka juu siku ileile, na Mutua akaisukuma kutoka upande wake. Pesa zikarudi, za Mwanasiti, za mpishi na za mwalimu, pamoja na makato yote. Cherehani ya kudarizi ikanunuliwa. Nimeiona. Inashona maua, na Mwanasiti kweli anakunywa chai.

Wiki iliyofuata nikamwona Ami Hamisi anaingia benki, mtu ambaye hajawahi kukanyaga sakafu yetu, amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne. Akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Nataka akaunti," akasema. "Na kadi."

"Ami! Baada ya yote uliyoyaona?"

"Kwa sababu ya niliyoyaona. Mimi pesa zangu nilikuwa naziweka kwenye debe. Mchwa wakazila, na mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi. Nyinyi mmeibiwa, mkabishana, mkarudisha. Nifungulie."

Nikamfungulia. Nikamweleza yote: atikise mdomo, afunike mkono, asimwambie mtu namba yake, awe mke, awe mtoto, awe mimi. Akaitikia kila neno kwa kichwa. Nikampeleka kwenye ile mashine ndogo ya kuchagulia namba ya siri, nikageuka nikampa mgongo kama inavyotakiwa. Akafikiri. Akakunja mkono wa kanzu. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuadhini bila kipaza sauti, akaanza kuitangaza tarakimu moja moja huku akibonyeza, na ukumbi mzima, makarani, wateja, mlinzi mlangoni na mimi, tukapiga kelele kwa pamoja:

"Mzee, nyamaza!"